Kwenda Bukoba kwa Meli: Chumba, Nguo na Vikorokoro vya Safari

Wengi wetu akina mama tukisikia neno likizo, tunajua kuwa kazi imeongezeka. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani kutwa, wageni wanabisha hodi na jiko halipoi. Hata safari ya kwenda kuwasalimu wazazi, ambayo ingekuwa mapumziko, mara nyingi ni siku nzima ndani ya basi, mtoto mmoja mapajani na mwingine anatapika dirishani. Tunafika tumechoka kuliko tulivyoondoka, na kabla hatujakaa tunaulizwa jikoni kuna nini.

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya safari ya namna nyingine, nayo ni safari ya usiku mmoja kwa meli katika Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi Bukoba. Familia yetu imekwenda kwa njia hiyo mara kadhaa, baba, mama, watoto watatu na bibi yao mzaa baba. Tuliyojifunza juu ya kuchagua chumba, nguo na vitu vya kubeba tunayaweka hapa, tukiamini kwamba yatamfaa mama anayepanga safari ya namna hii, iwe ni kwenda ukweni wakati wa Krismasi au kupumzika tu na mume wake.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba anayetaka kufika haraka na apande basi. Barabara ni ya lami, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe mwezi Juni 2025, magari hayapangi tena foleni ya kivuko pale Busisi. Meli ni ya yule anayetaka safari yenyewe iwe sehemu ya likizo. Unapanda jioni, unakula pamoja na watoto, unalala umejinyoosha, na ukiamka umefika.

ZIWA NA MELI ZAKE

Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote barani Afrika. Lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 1,130. Jambo hili tulikumbuke tutakapofika kwenye habari ya nguo, maana wengi hudhani kuwa ziwa ni kama pwani ya Dar es Salaam, ambako usiku ni joto.

Meli iliyojulikana sana katika njia hii ni Victoria. Sehemu zake zilitengenezwa Glasgow, Scotland, zikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko, nayo ikaanza kazi mwaka 1961. Enzi hizo ilizunguka ziwa zima, ikipita Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, Victoria ilibaki Tanzania. Baadaye ilisimama kwa miaka kadhaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa na kurudi majini mwaka 2020. Kuna pia meli mpya kubwa, MV Mwanza, iliyoshushwa majini huko Mwanza mwezi Februari 2023. Imejengwa kubeba abiria 1,200, magari, na shehena ya tani 400.

Siku za safari na meli inayokwenda hubadilika. Kwa hiyo, kabla ya kuwaambia watoto, nenda kwanza ofisi ya tiketi bandarini, au mtume ndugu aliyeko Mwanza, akuulizie mambo manne: ni meli gani, ni siku gani, itaondoka saa ngapi, na vyumba vya kulala vimebaki vingapi. Karibu na Krismasi na Pasaka vyumba huisha mapema, kwani watu wa Kagera hupenda sana kula sikukuu nyumbani.

CHUMBA GANI?

Hapa ndipo penye mazungumzo marefu kati ya mume na mke. Kwa desturi ya meli zetu kuna daraja la kwanza, ambalo ni chumba kidogo cha vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Kuna daraja la pili la kulala, ambalo ni chumba cha vitanda vingi zaidi, na pengine mtalala humo na msiowajua. Kisha kuna daraja la pili la kukaa na daraja la tatu la kukaa. Nauli zinatofautiana sana, na kwa familia ya watu sita tofauti hiyo inaweza kuwa karo ya muhula au mabati kadhaa.

Mara ya kwanza sisi wawili hatukuwa na wazo moja. Mmoja wetu aliona kwamba wote tukae daraja la tatu, usiku mmoja si kitu, na fedha itakayobaki ikanunue mabati ya nyumba ya bibi. Mwingine aliona kwamba mwanamke anayepika na kufua siku zote za mwaka ana haki ya kulala kitandani usiku mmoja bila kuamshwa kukoroga uji. Tulizungumza jioni mbili. Hatimaye hatukuchukua wazo la huyu wala la yule. Tulikata chumba kimoja cha daraja la kwanza kwa ajili ya bibi, mama na mtoto mdogo, na viti vitatu vya daraja la pili kwa ajili ya baba na watoto wakubwa wawili. Mabati yalipungua, lakini hayakukosekana.

Tumeona kwamba mpango huo unazifaa familia nyingi, kwa sababu chumba kimoja huwa nyumba ya wote. Mizigo ya maana hufungiwa humo. Watoto wakubwa huja humo kubadilisha nguo, kula na kusali kabla ya kurudi kwenye viti vyao. Ikipita saa sita usiku, baba naye hupewa zamu ya kunyoosha mgongo. Kama ninyi ni wawili tu, mume na mke, na uwezo upo, tunawashauri msisite kuchukua chumba. Kuna wanandoa ambao hawajapata kuzungumza kwa saa nzima bila kukatizwa tangu mtoto wa kwanza alipozaliwa.

Unapokata tiketi una haki ya kuuliza chumba kiko wapi. Uangalie haya:

Kwanza, mahali kilipo. Meli hupanda na kushuka zaidi kwenye pua na kwenye tezi kuliko katikati, na huyumba zaidi juu kuliko chini. Mwenye tumbo jepesi atafute chumba kilicho karibu na katikati.

Pili, kelele. Vyumba vilivyo juu ya mashine huwa na mtetemo na joto, na vilivyo karibu na baa au ukumbi huwa na muziki hadi usiku wa manane. Mama mwenye mtoto mchanga afikirie jambo hilo.

Tatu, ngazi. Ngazi za meli ni nyembamba na zimesimama wima. Mjamzito, mzee, au mwenye maumivu ya magoti asipewe chumba kitakachomlazimu kupanda na kushuka kila anapotaka kujisaidia. Uliza choo kiko wapi.

Nne, hewa. Chumba chenye dirisha hupata upepo na mwanga wa asubuhi. Katika chumba kisicho na dirisha, huwezi kujua kama kumekucha.

Kanuni hizi ni zilezile hata kwa zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar. Huko nako vyumba vya ndani visivyo na dirisha ndivyo rahisi, vyenye dirisha hufuata, na vyenye kibaraza chake ndivyo ghali. Tofauti ni kwamba wale wenzetu hukaa humo wiki mbili, nasi ni usiku mmoja. Kwa hiyo tusilipie kibaraza tutakachokiona gizani tu.

Kitanda cha chini wapewe wazee na watoto. Mtoto mdogo asilale kitanda cha juu peke yake, hata akililia namna gani, maana meli ikiyumba ataanguka.

HABARI YA BIBI

Hatuwezi kuandika juu ya safari ya ziwa hili bila kutaja tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi ya siku hiyo MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Wengi wao walizikwa katika makaburi ya Igoma, Mwanza. Hadi leo idadi kamili haijulikani, kwa sababu abiria wa madaraja ya juu waliandikwa majina, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mkoani Kagera ni vigumu kuingia kijiji ambacho hakikumpoteza mtu siku ile. Mwezi Septemba 2018 tulilia tena, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200.

Bibi wa watoto wetu alimpoteza mdogo wake katika MV Bukoba. Tangu siku ile hakukanyaga meli. Miaka yote alikwenda Mwanza kwa barabara, hata zile siku ambazo barabara ilikuwa ya vumbi na safari ilikuwa ya siku mbili. Tulipomwambia kwamba safari hii tunataka kumrudisha nyumbani kwa meli, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, sikatai. Ila nikifika humo nitahesabu yale majaketi mwenyewe."

Na kweli alifanya hivyo. Kabla ya kukaa, kabla ya kula, alimwomba mfanyakazi wa meli amwonyeshe majaketi ya kujiokolea ya chumba chetu, kisha yale ya mahali walipokaa baba na watoto. Alitaka kujua ya watoto yako wapi. Alimtaka kila mjukuu avae moja, afunge kamba, avue, avae tena. Yule kijana wa meli hakuona haya wala hasira. Alimwita mama, akamjibu kila swali, na akamwonyesha njia ya kutokea juu. Ndipo bibi akakaa kitandani, akafungua kikapu, akatugawia ndizi.

Tunasimulia hayo kwa sababu wapo akina mama wanaoona aibu kuuliza, wakidhani wataonekana washamba au watu wasio na imani. Imani haimkatazi mtu kuuliza. Mtume Paulo alimtumaini Mungu kuliko wote waliokuwa katika merikebu ile iliyovunjika, na ni yeye aliyewaonya mapema juu ya hatari, akawasihi wale chakula wapate nguvu kabla ya kuyaingia maji. Nasi tunaweza kumfuata katika kusali na katika kujiandaa pia.

MAMBO YA USALAMA YASIYOHITAJI FEDHA

Hakikisha kila mtu wa familia ameandikwa jina, hata mtoto mchanga asiyelipa nauli. Tulichojifunza mwaka 1996 ni hicho. Mwandishi wa tiketi akisema mtoto haandikwi, mwombe kwa adabu amwandike, na usiondoke dirishani mpaka amwandike. Chukua kitambulisho chako, na nakala ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Usikubali kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi. Ukiona watu wamesimama kila mahali na mizigo imeziba njia, rudi nyumbani, hata kama tiketi unayo na ndugu wanakusubiri. Harusi itafungwa bila ninyi na watu watawasamehe.

Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi ziwani. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huja usiku na alfajiri, kwa sababu nchi kavu ikipoa, upepo hutoka pande zote kuelekea katikati ya maji yenye joto, hewa hupanda na mawingu ya radi hujengeka. Hivyo anga safi ya saa kumi jioni haitoshi kuwa ushahidi wa usiku mwema.

Kama familia imegawanyika, wengine chumbani na wengine kwenye viti, mkubaliane mahali pamoja pa kukutania kukitokea jambo, na watoto wapelekwe hapo mchana kwa miguu yao wenyewe. Mtoto asitoke nje kwenye sitaha bila mtu mzima. Vizuizi vya pembeni vina nafasi ambayo mtoto wa miaka mitatu anaweza kupenya.

NGUO

Ziwani usiku kuna baridi, na upepo wa meli inayokwenda huongeza baridi hiyo. Aidha, Bukoba ni mji wa mvua nyingi, na inaweza kukupokea kwa manyunyu. Kwa hiyo kila mtoto awe na sweta, soksi na kofia ya kufunika masikio. Mama naye awe na sweta au koti jepesi. Tumewaona mabinti waliopanda na blauzi za mikono mifupi, wakapendeza sana gatini, na kufika saa tano usiku wakaazima khanga za watu wasiowajua.

Gauni refu linaloburuta halifai kwenye ngazi za meli. Vaa gauni linaloishia juu ya kifundo cha mguu, au sketi pana ambayo ndani yake utavaa suruali au kaptura ndefu, maana upepo wa sitahani hauna adabu. Viatu viwe vya chini na vyenye soli ya raba. Vya visigino virefu viwekwe sandukuni vingoje Jumapili. Kichwani funga kitambaa, kisha kaza fundo.

Khanga zichukuliwe jozi mbili, si moja. Khanga ni shuka, ni mbeleko, ni taulo, ni pazia la kunyonyeshea, ni mto wa kulalia ikikunjwa. Mtoto akitapika, ndiyo itakayoanza kumfuta. Katika sanduku lote hakuna nguo inayofanya kazi nyingi kama hiyo.

Nguo za kanisani zikunjwe vizuri na kuwekwa juu kabisa, ili mkifika asubuhi ya Jumapili msilazimike kufumua mizigo yote. Nguo za kubadilisha za mtoto mdogo, seti mbili, ziwe kwenye mfuko wa mkononi. Sanduku kubwa likishapelekwa mahali pa mizigo hutalipata tena mpaka asubuhi.

Fedha msiweke mahali pamoja. Nusu awe nayo baba, nusu mama, na kidogo cha dharura kishonewe kwenye pindo la sketi kama walivyofanya mama zetu.

CHAKULA NA VYA ZIADA

Melini huwa kuna mahali pa kuuzia chakula, soda na chai, lakini bei si ya nyumbani, na watoto watatu wakishikwa na njaa kwa pamoja mfuko huisha. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu, karanga na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Samaki wa kukaanga tunawaacha, kwani harufu yake katika chumba kilichofungwa huwaamsha waliolala na kuwatapisha waliokuwa salama. Maji ya kunywa yawe ya kutosha hadi asubuhi, pamoja na ya kunawa mikono.

Kwa wanaochafukwa na safari, wale chakula chepesi saa mbili kabla ya kupanda, wasipande na njaa wala na shibe. Tangawizi husaidia wengi. Anayejisikia vibaya atoke nje apate hewa akiwa na mtu mzima wa kumshika, aangalie mbali penye taa za nchi kavu, au alale chali na kufumba macho. Asisome wala kuchezea simu. Dawa za kuzuia kutapika zipo, nazo hufanya kazi zikimezwa kabla ya safari, lakini mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe bila kumwuliza mganga wa kliniki.

Orodha yetu ya vikorokoro ni hii:

Kopo lenye mfuniko kwa ajili ya wanaotapika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo msiitegemee.

Poti ya mtoto, ili asipelekwe chooni mara nne usiku.

Karatasi za chooni, sabuni, na kitambaa chenye unyevu.

Tochi yenye betri mpya, hata kama simu ina taa. Simu huisha chaji, tena hutakiwa kupiga picha.

Kufuli dogo la begi, na kamba ya kufungia mizigo pamoja.

Chandarua au dawa ya kujipaka. Kandokando ya ziwa kuna malaria.

Dawa za kila siku za bibi au za yeyote mwenye shinikizo la damu au kisukari, zikae mkononi na zisipelekwe na mizigo.

Kitabu cha nyimbo na Biblia. Jioni ile tuliimba kwa sauti ya chini chumbani, na kabla ya ubeti wa pili majirani wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakiimba nasi.

Vya kuacha nyumbani ni vyombo vya kioo, vito vya dhahabu, na magunia. Kumbuka kwamba kila unachopanda nacho utashuka nacho, huku umebeba mtoto. Zawadi za ukweni, kama sukari, mchele na vitenge, zifungwe katika boksi moja imara lenye jina la mwenyewe pande mbili.

USIKU NA ASUBUHI

Meli ikishang'oa nanga, msikimbilie kulala. Wapeni watoto nusu saa ya kutazama taa za Mwanza zikipanda milimani kati ya yale mawe makubwa, na jiwe la Bismarck likibaki nyuma. Kisha giza huja, na nyota huonekana nyingi kuliko mjini. Mbali majini huonekana msururu wa taa nyingine ndogo ndogo. Hizo ni karabai na taa za wavuvi wa dagaa. Mtoto wetu wa pili alidhani ni mji. Baba yake alimweleza kwamba kila taa ni mtu aliyeacha mke na watoto nyumbani, anatafuta chakula chao, nasi usiku ule tukawaombea.

Alfajiri meli hupitia Kemondo. Hapo kuna shughuli nyingi za kushusha na kupakia, na wakati wa kurudi ndipo utakapoona mikungu ya ndizi ikipandishwa kwa mamia kwenda soko la Mwanza. Baada ya hapo si mbali. Majabali marefu ya pwani ya Kagera hutokea, kijani juu yake, kisha kisiwa cha Musira, na mji wa Bukoba umekaa chini ya vilima.

Bibi alikuwa amekwisha kuamka. Tulimkuta sitahani amejifunika khanga, ameshika chuma kwa mikono miwili, anatazama maji. Hatukumsemesha. Aliyasalimu maji kwa Kihaya, akataja jina la mdogo wake, kisha akageuka na kusema twende tukashushe mizigo.

BUKOBA YENYEWE

Kama likizo ni ya siku tatu au nne, msikae ndani tu. Nendeni mkaone Kanisa Kuu la Kikatoliki la Bukoba, ambamo alizikwa upya mwaka 2012 Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu, aliyeteuliwa mwaka 1960. Kwa Walutheri, mkoa huu ndiko alikotoka Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984. Ni vema watoto wetu wajue kwamba watu hao walikua katika migomba kama wao.

Mkifika mwezi Novemba au Desemba mtakuta senene, nao ukikaribishwa usikatae. Mtapewa pia kahawa ya kutafuna kama ishara ya ukarimu. Watoto watatamani kuoga ziwani. Wakatazeni. Kichocho kipo katika maji ya ukingoni. Wachezee mchangani, na waoge nyumbani.

MWISHO

Wapendwa akina mama, huenda uwezo wa safari hii haupo mwaka huu. Basi uanze kuwekwa kidogo kidogo, kama tunavyoweka fedha za chama. Ukipatikana, kaeni chini na mume wako mzungumze mapema: chumba kwa nani, viti kwa nani, nini kibebwe na nini kiachwe. Mama asimalize siku tatu anapika chakula cha safari peke yake. Watoto wakubwa wachemshe mayai, baba afunge mizigo na akate tiketi. Na mkiwa melini, mama alale. Hata kama ni saa nne tu, alale, wengine wakeshe.

Yesu mwenyewe alilala katika mashua ziwani, akiwa amechoka na kazi ya mchana kutwa. Naye Mungu awatangulie katika njia ya maji na ya nchi kavu, awafikishe salama, na awarudishe nyumbani mkiwa wote.